Kumfundisha Mtoto wa Mbwa Mdogo Kujisaidia Mahali Panapofaa Wakati wa Baridi Kali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia kwenye miji yenye theluji, kama vile Minneapolis, Toronto au Oslo, na ambazo zimepata mtoto wa mbwa wa aina ndogo kati ya Novemba na Machi. Wengi wetu tulikulia katika nyumba ambazo mbwa alilala uani na kujisaidia alikotaka, kwa hiyo suala la kumfundisha halikuwahi kuzuka. Katika nyumba iliyofungwa madirisha kwa miezi kadhaa, yenye zulia lililogundishwa sakafuni na mkataba wa upangaji unaotaja harufu, suala hilo huzuka siku ya kwanza.

Je, si afadhali tumwache ajisaidie ndani hadi theluji iyeyuke, ndipo tuanze kumfundisha?

Hapana. Mtoto wa mbwa huanza kuzoea aina ya kitu anachokikanyaga anapojisaidia akiwa na umri wa wiki 8 au 9 hivi, yaani umri uleule ambao watu wengi humchukua kutoka kwa mama yake. Akizoea zulia kuanzia Desemba hadi Aprili, nyayo zake zitakuwa zimejifunza kwamba kitu laini chenye nyuzi ndicho choo, na itakubidi kwanza uyaondoe mazoea hayo kabla ya kumpa mengine. Kanuni zenyewe hazibadilishwi na baridi: apelekwe mahali pamoja, kwa nyakati zilezile, asifiwe papo hapo, na asipewe nafasi ya kukosea. Kinachobadilika ni muda ambao nyinyi wawili mnaweza kukaa nje, na ndiyo maana kutayarisha mahali penyewe kuna uzito mkubwa kuliko wakati wa joto. Kama una nguvu za kushughulikia jambo moja tu, shughulikia hilo.

Anaweza kujizuia kwa muda gani?

Kadirio la kawaida ni saa 1 kwa kila mwezi wa umri wake, na baadhi ya madaktari wa mifugo huongeza saa 1 juu ya hapo. Mwenye miezi 2, basi, hujizuia kwa saa 2 au 3 akiwa ametulia, lakini akiwa anacheza au amesisimka muda huo unaweza kupungua hadi nusu saa. Mbwa wa aina ndogo sana, kama Chihuahua, Yorkshire Terrier au Pomeranian, wako upande wa chini wa kadirio hilo kwa sababu kibofu chao ni kidogo mno. Chihuahua mzima kwa kawaida hana uzito wa kilo 3, na mtoto wake wa wiki 8 mara nyingi hafikii hata kilo 1. Usimlinganishe na mbwa mkubwa wa jirani aliyefuzu katika muda mfupi.

Baridi ya kiasi gani ni hatari kwake?

Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na ujazo wake, kwa hiyo hupoteza joto haraka, na mtoto wa mbwa hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi ya kumkinga. Ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, yaani 45 za Farenhaiti, mbwa wengi wadogo huanza kuona taabu. Chini ya sifuri, mpe dakika chache tu na usimwondolee macho. Chini ya nyuzi 7 hasi, yaani 20 za Farenhaiti, mtoke kwa haja tu na kurudi. Mjini Minneapolis wastani wa joto la usiku mwezi Januari ni nyuzi 13 hasi hivi, kwa hiyo huko hali hiyo ni ya kila siku wala si ya kungojewa kama dhoruba.

Mwangalie yeye zaidi ya kipimajoto. Anapoinua mguu mmoja, akaushusha na kuinua mwingine, anapojikunja mgongo na kugoma kutembea, muda wake umekwisha. Mbebe mrudi ndani. Akiwa bado kwenye baridi akaacha kutetemeka, akalegea na kusinzia, hiyo ni dharura. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, na likishuka chini ya 37 anahitaji blanketi kavu lenye uvuguvugu na daktari wa mifugo, wala asiwekwe kwenye maji ya moto.

Kutetemeka pia si baridi kila mara. Watoto wa mbwa wa aina ndogo hupungukiwa sukari mwilini wakikaa na njaa, wakatetemeka na kuyumba hata kama chumba kina joto. Wapewe chakula mara 3 au 4 kwa siku, na ikitokea hali hiyo, wapakwe asali kidogo kwenye ufizi huku safari ya kwenda kwa daktari ikiandaliwa.

Nitayarishe vipi mahali pa kujisaidia nje?

Chagua kona iliyo hatua chache tu kutoka mlangoni, upande usiopigwa na upepo, na kama inawezekana uichague kabla ya theluji ya kwanza. Theluji ikishaanguka, chukua beleshi uichote hadi majani au udongo uonekane, katika eneo la kama mita 1.5 kwa mita 1.5, na uchonge njia nyembamba kutoka mlangoni hadi hapo. Watu wengi huona kazi hiyo ni ya kupita kiasi hadi wapige magoti na kumtazama mbwa wao kwa usawa wa macho yake: theluji ya sentimita 8, ambayo kwako haifuniki hata kiatu, kwake inafika tumboni, na hakuna kiumbe atakayechuchumaa kwa utulivu huku tumbo lake likigusa barafu. Theluji uliyoichota ilundike pembeni, hasa upande unaotoka upepo, iwe ukuta.

Kama ardhi imeganda na inateleza, tandaza majani makavu ya ngano juu yake. Wengine hulaza ubao au turubai jioni na kuuondoa alfajiri, ili mahali papatikane pakiwa pakavu hata kama theluji imeanguka usiku kucha. Ni njia rahisi na inafaa kuliko ununuzi mwingi unaoshauriwa madukani. Usimwage chumvi ya kuyeyushia barafu katika eneo hilo. Weka kipande cha karatasi kilicholowa mkojo wake, ukikikandamiza kwa jiwe, kwa sababu harufu hufifia ardhi inapoganda na mtoto wa mbwa anaitegemea kujua kwamba amefika. Na kwa kuwa mwishoni mwa Desemba jua la Minneapolis huzama karibu saa kumi na nusu alasiri, taa ya nje ni ya lazima. Utahitaji kuona kama amekojoa au ameinama tu.

Nimtoe wakati gani, na tufanye nini tukiwa nje?

Mtoe kila anapoamka, hata kama alilala dakika 10. Ndani ya dakika 5 hadi 30 baada ya kula. Baada ya kucheza. Kabla ya kulala. Na kila baada ya saa 1 akiwa macho, hadi uzielewe nyakati zake mwenyewe. Ukimwona ananusa sakafu huku akizunguka, au ameacha kucheza ghafla na kuelekea nyuma ya kochi, hakuna tena muda wa kutazama saa.

Mbebe hadi nje katika wiki za mwanzo. Muda unaopotea kufunga zipu ya koti na kutafuta glavu ya pili ndio hasa muda anaoutumia kukojoa kwenye mkeka wa mlangoni, kwa hiyo koti lako, viatu, kamba yake, vifuko vya kinyesi na vipande vya chakula vya kumtuza vikae pamoja kwenye ndoano iliyo kando ya mlango, usiku na mchana. Mfunge mkanda wa kifuani badala ya ukosi wa shingoni, kwa kuwa koo la mbwa wa aina ndogo ni dhaifu na huumia likivutwa.

Mkifika, mweke chini pale pale, simama kimya, na useme neno moja tu la amri. Nyumba zetu nyingi zina lugha mbili au tatu, bibi anasema hivi na wajukuu wanasema vile. Kubalianeni neno moja kwa wote, liwe la Kiswahili au la kule mliko. Akimaliza, msifu na umpe kipande cha chakula hapo hapo aliposimama. Akituzwa baada ya kuingia jikoni, ataelewa kuwa ametuzwa kwa kuingia jikoni.

Anakaa nje bila kufanya lolote, tukiingia tu anakojoa kwenye zulia. Je, anafanya makusudi?

Hafanyi makusudi. Upepo ukimpiga usoni na miguu ikimuuma, mwili wake wote unashughulika na kujikinga, na misuli inayofunga kibofu inakaza. Akifika ndani na kupata uvuguvugu, analegea, na mkojo aliokuwa nao muda wote unatoka. Kumrefushia muda wa kukaa nje hadi akubali, kama wengi wanavyofanya, kunamfundisha kuuchukia mlango.

Kaeni nje dakika 3 hadi 5. Ikiwa hakuna kilichotokea, mrudishe ndani lakini usimwachie huru: mpakate, au mtie kwenye kizimba chake, au mfunge kamba fupi kiunoni pako, kwa dakika 10 au 15. Kisha mtoke tena. Huenda mkarudia hivyo mara kadhaa katika siku za kwanza, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii. Wanaoshindwa, mara nyingi hushindwa hapo, wanapomwachia sebuleni baada ya safari ya kwanza isiyo na matunda. Anapewa uhuru wa kuzunguka chumbani baada tu ya kujisaidia nje, na hata hapo kwa nusu saa hivi.

Kuna upande mmoja ambao baridi inakusaidia. Wakati wa joto, mbwa anayerudishwa ndani mara tu anapokojoa hujifunza kuchelewesha, kwa sababu haja inamkatizia matembezi. Wakati wa baridi kurudi ndani ndiko anakokutamani, kwa hiyo uvuguvugu wa nyumba unakuwa tuzo ya pili juu ya kile kipande cha chakula, na mbwa wengi hujifunza kumaliza haraka kuliko wale walioanza Julai. Lakini angalia hila yake: atatoa matone machache akimbilie mlango. Mbakize dakika 1 zaidi, kwani mbwa wadogo mara nyingi hukojoa mara mbili.

Na usifungue mlango umtume peke yake huku wewe ukichungulia dirishani. Atasimama kizingitini akikutazama, kisha ataingia na haja yake.

Tunaishi ghorofani, na hajamaliza chanjo. Je, nimshushe chini?

Mshushe kwa kumbeba, lakini si mahali wanapojisaidia mbwa wote wa jengo. Ugonjwa wa parvo, unaowaharisha na kuwatapisha mbwa na ulioenea duniani kuanzia mwaka 1978, husababishwa na kirusi kinachodumu ardhini kwa miezi mingi, na ubaridi haukiui; kinahifadhika vizuri katika ardhi iliyoganda. Chanjo huanza kati ya wiki 6 na 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na haimalizwi kabla ya wiki 16. Hadi hapo, tumia kibaraza cha ghorofani kilichosafishwa theluji, au kipande cha ardhi ambacho mbwa wengine hawafiki, na umuulize daktari wa mifugo hali ya ugonjwa huo mtaani kwenu.

Pedi za kujisaidia ndani zinafaa, au zitamchanganya?

Zinaweza kumchanganya, lakini kuna siku za nyuzi 25 hasi ambapo kumtoa mtoto wa mbwa wa kilo 1 ni ukaidi wa binadamu tu. Ziwe mahali pamoja, juu ya sakafu ngumu, mbali na chakula chake, na uondoe mazulia madogo ya bafuni na ya jikoni kwa sababu kwake yanafanana nazo. Trei yenye majani, hata ya bandia, ni bora kuliko pedi, kwa kuwa anachokanyaga ndani kinafanana na atakachokanyaga nje. Kama lengo ni nje, isogeze kila siku kidogo kuelekea mlangoni, kisha kibarazani; akianza kukojoa pale ilipokuwa jana, umeharakisha.

Kizimba si ukatili? Nasi tunafanya kazi za zamu, hatuwezi kumtoa kila saa.

Kizimba kinasaidia kwa sababu mtoto wa mbwa anajitahidi asichafue anapolala. Kiwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Kikiwa kikubwa atalala upande mmoja na kujisaidia upande mwingine. Kiwekwe mbali na mlango unaopitisha baridi, na mbali pia na kifaa cha kupasha joto.

Lakini kizimba hakiwezi kuziba pengo la zamu ya saa 8. Mtoto wa miezi 2 aliyefungiwa muda huo wote atalazimika kujichafua, na akishazoea kulala juu ya mkojo wake, silaha yako kubwa imepotea. Kwa siku za kazi, mzungushie uzio mdogo wenye kitanda upande mmoja na trei upande mwingine, na mpange zamu za nyumbani, au mkubaliane na jirani apite mchana. Familia ambayo watu wazima wote hutoka alfajiri na kurudi usiku ingesubiri kwanza kumchukua mbwa mchanga. Mbwa mzima aliyekwisha kufundishwa angewafaa zaidi.

Usiku je?

Chakula cha mwisho kiwe saa 3 au 4 kabla ya kulala, na maji yaondolewe saa 1 kabla. Mchana asinyimwe maji, kwa maana hewa ya nyumba inayopashwa joto ni kavu sana. Mtoe mara ya mwisho unapokwenda kulala, na tega kengele mara 1 au 2 usiku hadi afikishe miezi 4 hivi. Akilia usiku, mtoe kimya kimya, bila taa kubwa wala mchezo.

Anahitaji nguo na viatu? Na ile chumvi ya barabarani?

Sweta linamfaa mwenye manyoya mafupi, mradi likae kavu. Sweta bichi ni baya kuliko kukosa sweta. Kwa dume, likate au ulikunje sehemu ya tumboni, la sivyo atalikojolea kila mara, na utajikuta unapeleka nje mbwa mwenye kitambaa kilichoganda chini ya tumbo. Viatu wengi huvikataa, na kwa safari ya dakika 4 havihitajiki.

Chumvi huchoma ngozi kati ya vidole, na akiilamba humtapisha. Mkirudi, chovya kila mguu kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu na uukaushe. Vidonge vya theluji vilivyogandamana na manyoya viyeyushwe hivyo hivyo, visivutwe. Kinachotisha zaidi ni kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini za magari. Ile yenye kemikali ya ethilini glikoli ina ladha tamu, na kama kijiko kimoja cha chai kinaweza kumuua mbwa wa kilo 1. Huanza kuyumba kama mlevi, kisha huonekana amepona huku figo zikiharibika, kwa hiyo usisubiri: dawa yake hufanya kazi katika saa za mwanzo tu.

Akikosea, nimchape au nimsugue pua kwenye mkojo?

Usifanye lolote kati ya hayo. Atajifunza kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, kisha atakataa kujisaidia mbele yako hata nje na kujificha nyuma ya makochi. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja, mbebe, mtoke. Ukikuta dimbwi tu, safisha unyamaze.

Nisafishe kwa kitu gani?

Kwa dawa yenye vimeng'enya inayotengenezwa kwa ajili ya mkojo wa wanyama, ikiachwa iloweshe zulia hadi chini kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Epuka dawa zenye amonia, kwani harufu yake inakaribiana na ya mkojo na itamwita arudi pale pale.

Nyumbani kuna mahali pa kuswalia. Tufanyeje?

Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu unajisi wa mbwa kuwa mzito, unaosafishwa kwa kuosha mara 7, mojawapo kwa udongo. Kama inafaa kumfuga ndani ni swali la kumpelekea sheikh wako. Kwa upande wa mafunzo, funga chumba hicho tangu siku ya kwanza, weka geti dogo la watoto kwenye korido, na umpangie sehemu moja yenye sakafu ya vigae ambayo ndiyo nyumba yake. Kumzuia hivyo huharakisha mafunzo katika nyumba yoyote ile.

Alikuwa ameshajua, sasa ameanza tena kukojoa ndani.

Angalia kwanza kama anakojoa kidogo kidogo mara nyingi, anajikamua, au mkojo una damu. Hizo ni dalili za maambukizi ya njia ya mkojo, na hakuna mafunzo yatakayoyatibu. Kama ni mzima, mara nyingi chanzo ni wiki ya baridi kali ambayo safari za nje zilipungua bila ninyi wenyewe kutambua. Rudini kwenye ratiba ya mwanzo kwa wiki 1 au 2. Anayekojoa pale tu mgeni anapoinama kumsalimu ana kesi nyingine: ni msisimko au unyenyekevu, na wengi hukua wakauacha, iwapo wageni wataombwa kumpuuza kwanza.

Theluji ikiyeyuka, nibadilishe nini?

Mahali pale pale pabaki, lakini tarajia siku chache za kusitasita, kwa sababu mbwa aliyejifunza juu ya majani makavu au ardhi iliyoganda anaweza kuyaona majani mabichi yenye tope kuwa kitu kigeni. Tandaza machache ya yale majani makavu juu ya nyasi kwa wiki ya kwanza, ukiyapunguza kila siku. Kinyesi chote kilichofunikwa na theluji kitajitokeza kwa siku moja; kiokote kabla watoto hawajaanza kucheza nje, kwa kuwa mayai ya minyoo ya mviringo hustahimili baridi na huweza kumwambukiza binadamu. Kwa ajili hiyo hiyo, ratiba ya dawa za minyoo iendelee kama daktari alivyoipanga, hata kama kinyesi chake kinaonekana safi.